Mahudhurio si ridhaa: majibu kuhusu miamba, mikoko na mashamba

Tulisaini mahudhurio ya mkutano, sasa tunaambiwa kijiji kimekubali mwamba ufungwe, usivuliwe kwa muda. Tumeshafungika? (Mvuvi, Tanga)

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Ridhaa inatafutwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi ufukweni, inaweza kupendekeza, lakini sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya kijiji baada ya kusikiliza maoni ya mkutano huo, kisha hupelekwa wilayani kuidhinishwa. Bila idhini hiyo, faini mnayotozwa ufukweni haina pa kusimamia.

Nendeni kwa mtendaji mkaombe kusomewa muhtasari wa siku ile. Tazameni kama karatasi ya majina ina tarehe na ajenda juu yake. Majina yaliyoandikwa kwenye karatasi tupu hubandikwa kwenye uamuzi wowote. Safari nyingine ajenda iandikwe kwanza, ndipo kalamu izunguke, na katibu asome maamuzi kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Ni dakika tano tu, ila ndizo dakika ambazo wengi wetu tumeshafika kwenye kahawa.

Na msiishie kusema "hatutaki", maana neno hilo halina cha kuandikwa. Semeni: mwamba fulani, kutoka mwezi huu hadi ule, dema (mtego wa samaki) na mshipi viruhusiwe upande wa nje. Hapo katibu atakosa pa kukwepea.

Pweza akifungwa miezi mitatu, sisi tunaochokoa kwa miguu tutakula wapi? (Mama wa Pangani)

Dada, hoja yako ndiyo inayosahaulika sana. Mwenye ngalawa akifungiwa mwamba mmoja huhamia mwingine. Wewe unategemea bamvua, maji yanapokupwa sana, na miguu yako. Ombeni mwamba ugawanywe, sehemu ya karibu na ufukwe ibaki wazi.

Miezi mitatu si ya kubahatisha: pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni mafupi. Aliye chini ya gramu 500 hata sheria hairuhusu kumvua, na huyo ndiye anayejaa kwenye ndoo zetu mwamba ukichokolewa kila siku. Mambo huharibika siku ya kufungua. Watu wa vijiji jirani huingia kwa wingi, matumbawe huvunjwa kwa vyuma, na mnunuzi akiona ndoo zimejaa hushusha bei papo hapo. Kwa hiyo bei ikubaliwe kabla ya kufungua, mizani iwe ya kikundi, na ijulikane mapema nani anaingia siku ya kwanza. Wanaoiba usiku kwa taa wawekewe zamu ya walinzi tangu wiki ya kwanza, maana wakishazoea, waliovumilia watafungua mwamba mtupu.

Tulipanda mikoko elfu kadhaa, karibu yote imekufa. (Kikundi cha vijana)

Mlipanda wapi? Mkoko wenye mizizi ya magongo hupenda tope la kijito. Mbele kabisa kwenye mawimbi ni makao ya mlilana, na juu kwenye chumvi kavu mchu ndiye anayestahimili; hizo nazo ni aina za mikoko. Kwa ule wa magongo, chukueni mbegu ndefu iliyokomaa, ile inayochomoka yenyewe mkiigusa, mkaizamishe theluthi moja kwenye tope, chipukizi juu. Kuna wanaoipanda kichwa chini, msicheke. Na kukata ni jambo jingine: mikoko ni hifadhi ya serikali, kibali ni cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, muhuri wa kijiji peke yake hautoshi.

Tembo wa Hifadhi ya Saadani wamemaliza mahindi. Fidia inadaiwaje? (Mkulima)

Si fidia, ni kifuta jasho. Cha mtu aliyeuawa au kujeruhiwa huitwa kifuta machozi. Kifuta jasho hakilingani na hasara, na kwa mazao hulipwa kwa ekari zisizozidi tano. Toa taarifa kwa mtendaji siku hiyohiyo, afisa wanyamapori aje nyayo zikiwa bado mbichi. Usilime upya kabla hajapima.