Mkuu, achana na programu ya injini, anza na mafuta ya breki

Hapana. Hapana kabisa. Una Golf GTI Mk5, Jumamosi unaipeleka Brands Hatch, uwanja wa mbio wa Uingereza, kwa mara ya kwanza, na hela yote umeimalizia kwenye programu ya injini ya kuongeza nguvu na ekzosi. Halafu unauliza tairi gani, springi zishuke kiasi gani, bima ikoje. Breki hukuzitaja hata kwa bahati mbaya. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Gari langu lilikuwa hilohilo. Nguvu za injini, farasi 200 wa kiwandani, nikalipa paundi 380 wakawa kama 240. Jamaa wa gereji (simtaji, akipita hapa atajijua) nilimuuliza kabisa: na breki je? Akacheka. "GTI inakuja na diski za milimita 312 mbele, unataka kusimamisha ndege?" Nikacheka naye. Tulicheka wawili, bili ikaja ya mtu mmoja.

Sasa sikia. Mzunguko ule mfupi wa Brands Hatch, wa Indy, hauzidi kilomita 2. Breki hazina pa kupumulia. Unatoka mbio kwenye nyoofu, unakanyaga kwa nguvu kabla ya Paddock Hill, kona ya kulia inayoporomoka kama umetupwa kisimani, unapanda, unakanyaga tena kwenye kona ya Druids. Mzunguko wa nne pedali yangu ikaanza kuwa ndefu. Wa tano ikawa sponji. Mwenye akili zake angetoka. Mimi nilikuwa nimeikaribia Clio moja, kigari kidogo cha Renault, nikaona aibu.

Wa sita nakanyaga, pedali inazama mpaka kwenye kapeti. Hakuna kitu. Nikapampu mara mbili, ya tatu nilikuwa nasoma Ayatul Kursiyu. Gari likanyooka zake kwenye kokoto, likavuka, likaenda kubusu ukuta wa tairi. Bampa, rejeta, taa zote mbili. Kokoto zilizotoka chini ya gari, ningekuwa Kunduchi ningeuza tripu.

Breki hazikuvunjika. Mafuta yalichemka! Mafuta ya breki yananyonya unyevu taratibu, hata gari likiwa limepaki. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishashiba maji, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Yangu yalikuwa na miaka minne, rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu wako unasukuma hewa badala ya pistoni. Na wale farasi 40 niliowanunua ndio walionifikisha kwenye kona nikiwa na mwendo mkubwa zaidi: ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza linapanda kwa 21. Yule mcheshi wa gereji hakuligusia hilo. Diski ni kubwa, ndiyo. Diski hazichemki, bwana!

Kwa hiyo hata farasi mmoja usimwongeze kabla hujabadilisha mafuta na pedi. Nunua DOT 4 ya mashindano au 5.1. DOT 5 usiguse, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi. Fundi atoe upepo kwenye breki za magurudumu yote manne, na usimame hapohapo umwangalie. Pedi za kwendea kazini ziache kazini. Na ujue tofauti: pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa, ikiwa laini na ndefu, mafuta yanachemka. Zote mbili maana yake toka, hata kama mbele yako kuna Clio. Mzunguko wa mwisho tembea polepole breki zipoe, na ukipaki usivute hendibreki, acha kwenye gia.

Bima, soma mkataba wako. Wangu ulisema wazi kuwa viwanja vya mbio havimo, nikausoma vizuri sana nikiwa nasubiri gari la kuvuta.

Ulikuwa umeuliza nini kingine? Springi. Wadau wengine watakujibu, mimi hapo sina hamu. Leo usiku fungua boneti, mulika kile kikopo cha mafuta ya breki kwa tochi ya simu, piga picha uiweke hapa tuione rangi.