Usiitupe beringi kabla hujaiosha

Mdogo wangu unayeanza ufundi hapa Dar, iwe unajifunzia mtaa wa Gerezani au umefungua kibanda chako Mbagala, jiandae kuletewa pangaboi. Joto likishapanda kuanzia Desemba, kila nyumba inakumbuka ile iliyokuwa inalia tangu mwaka jana. Mteja atakwambia imekufa. Usimbishie, ila usimwamini pia. Zima umeme, sukuma mapanga kwa kidole. Yakizunguka kwa ulaini na kuchelewa kusimama, anza na kapasita, kile kifaa kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Yakikwama palepale, au ukihisi yanaburuza kitu kizito, tatizo liko kwenye beringi, zile pete mbili zenye gololi katikati zinazobeba shafti, na mara nyingi beringi yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni grisi.

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na ninaposema sabuni sifanyi mzaha: nyingi za madukani zina sabuni ya lithiamu. Miaka ikipita mafuta yanachuja na kukauka, joto linayaharibu, vumbi linaingia. Ukifungua unakuta uji wa kahawia umekauka katikati ya gololi, mgumu kama mche wa sabuni uliosahaulika juani.

Hapo ndipo wengi wanakimbilia kopo la mafuta ya kupulizia. Ukipuliza, jioni hiyo pangaboi inazunguka vizuri, mteja analipa na wote mnafurahi. Lakini yale mafuta ni mepesi, yanaisomba hata grisi kidogo iliyobaki, halafu yenyewe yanapotea. Baada ya muda mfupi inarudi inapiga kelele kuliko mwanzo, na jina linaloharibika ni lako. Mafuta ya kupikia ndiyo usiyasogeze kabisa, yanageuka gundi. Mafundi cherehani watakusimulia.

Kuitoa beringi kwenye shafti tumia pula, kifaa chenye makucha ya kuvutia, na ivute kwa kushika pete ya ndani, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobana. Ukigonga pete ya nje, nguvu yote inapitia kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia yake. Huwezi kuviona, utavisikia baadaye. Wakati wa kurudisha ni vilevile: tafuta kipande cha bomba kinachokaa sawasawa juu ya pete ya ndani, ndipo ugonge taratibu.

Soma namba iliyoandikwa kwenye beringi. 6201 tundu lake ni milimita 12, 6202 ni 15, 6203 ni 17. Kuanzia 04 unazidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, kwa hiyo 6204 ni 20. Ikiandikwa 2RS ina sili za mpira pande zote mbili. Zinanyanyuka kwa sindano ukianzia ukingo wa ndani, taratibu. ZZ ni vifuniko vya bati, na vingi ukivitoa vinapinda na havirudi. Kwa 6202 ya ZZ mimi sijisumbui, nanunua mpya Kariakoo. Kuosha kunalipa pale beringi inapokuwa kubwa, ya gharama, au ya mashine kuukuu. Kuna mashine za kukereza za Uingereza zina beringi za inchi ambazo utazunguka nazo maduka yote. Hizo ukizifungua, kila koni, yaani pete ya ndani na rola zake, irudi kwenye kikombe chake, yaani pete yake ya nje. Zimeshazoeana.

Beringi unayoiosha iloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Petroli achana nayo: mvuke wake unatambaa chini sakafuni, na jirani yako huenda ni mama lishe mwenye jiko linawaka. Asubuhi usiizungushe kwa nguvu, ndani bado kuna mchanga. Sugua kwa mswaki, badilisha mafuta, sugua tena, mpaka ukizungusha kwa vidole usisikie hata chembe. Kisha ikaushe. Ukitumia upepo wa kompresa, shika pete zote mbili zisizunguke. Najua mlio ule unawapendeza vijana, lakini beringi kavu ikizungushwa kwa upepo inajikwaruza, na keji, ile fremu inayotenganisha gololi, ikipasuka gololi zinaruka usoni.

Ikishakauka usiiache mezani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na jasho la vidole nalo lina chumvi. Chuma kilichooshwa kikalala wazi Kigamboni, asubuhi kina kutu. Ipake mafuta mepesi mara moja, kisha ikague juani. Rangi ya bluu maana yake iliungua. Ukiona vidonda kwenye njia ya gololi, au pete zikiwa zinacheza ovyo, itupe. Hapo hakuna grisi itakayoiponya.

Iliyopona ipe grisi mpya. Ya lithiamu namba 2 (namba ni kipimo cha ugumu wake) inatosha kwa pangaboi na mota nyingi. Isukume kwa kidole gumba upande mmoja mpaka itokeze wa pili, halafu punguza ibaki kama theluthi moja ya nafasi iliyo wazi, isizidi nusu. Ukijaza mpaka pomoni inajikoroga yenyewe, inapata joto na kuchuja mafuta. Wala usichanganye aina kwa kufuata rangi. Rangi ni ya kiwandani tu, na grisi mbili zisizoelewana zikikutana zinaweza kulainika na kumwagika zote.

Halafu kuna feni za mezani. Nyingi hazina gololi, zina bushi ya shaba yenye vitundu vinavyonyonya mafuta. Grisi inaviziba. Hizo safisha, loanisha ile pete ya sufi kwa mafuta mepesi ya mashine, basi.

Ukishafunga, zungusha kwa mkono, kisha washa spidi ndogo. Baada ya nusu saa zima umeme, gusa gamba la mota karibu na beringi. Uvuguvugu ni sawa. Mkono ukishindwa kukaa, ama umejaza grisi kupita kiasi ama pete imeingia upande. Ifungue hapohapo, mteja akiwa bado hajaja kuichukua.