Masika Yaingie Darasani: Majibu kwa Walimu na Wazazi

Safu ya mwezi huu imejaa maswali kuhusu jambo moja: kushika mada ya msimu mmoja na kuifundisha kwa masomo kadhaa. Tumeyachagua sita. Marefu yamepata majibu marefu, mengine tumeyamaliza kwa sentensi chache.

Shule yetu imeletewa vitabu kutoka nje. Mada ya muhula ni "majira ya machipuko": theluji inayeyuka, maua ya manjano yanachomoza, siku zinarefuka. Watoto wangu wanapaka rangi vizuri sana lakini hawaelewi lolote. Je, nifute "machipuko" niandike "masika"?
*Mwalimu wa Gredi 3, Nakuru*

Ukibadilisha jina tu, Mwalimu, utakuwa umefundisha uongo. Machipuko ya Ulaya huletwa na jua. Dunia imeinama kwa takriban nyuzi 23.5, ndiyo maana mchana wa London ni wa saa 8 hivi mwezi Desemba na zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Mwanga na joto vikirudi, mti uliopukutisha majani huchipua. Nakuru imekaa karibu kabisa na ikweta. Mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, na kinachoamsha mbegu na nyasi mwezi Machi au Aprili ni maji. Picha ya mche inafanana huku na huko, lakini sababu zake ni mbili tofauti.

Kinachofaa kuazimwa kwenye vitabu hivyo ni ule mpango wenyewe: watoto wanafuata kitu kimoja kinachobadilika, wanakipima, wanakiandika, wanakizungumzia. Theluji na maua ya manjano viachie ukurasa mmoja wa "watoto wa nchi nyingine wanaona nini mwezi huu", kisha endelea.

Ipo siku moja ambapo machipuko yao na sisi tunakutana. Karibu na tarehe 20 Machi jua huwa juu ya ikweta, na kwao ndipo machipuko yanapohesabiwa kuanza. Siku hiyo simamisha kijiti cha mita 1 uwanjani. Kinyooshe kwa uzi wenye jiwe, kisha watoto waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Kivuli kitafupika hadi karibu kipotee. Walimu wengi hukosea saa: wanatoka saa sita kamili, wanaona kivuli cha kutosha, wanarudi darasani wakisema kitabu kimedanganya. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua letu huchelewa. Siku hiyo Nakuru hufika kileleni yapata saa sita na dakika 43, na Kisumu yapata saa sita na dakika 48. Saa sita kamili mjini Kisumu, kijiti hicho cha mita 1 bado kina kivuli cha kama sentimita 21. Anzeni saa sita na robo, mmalize saa saba na robo, na watoto wavae kofia au wasimame kwa zamu.

Gredi 5 kwetu kila somo lina mwalimu wake. Tulipojaribu mada moja, kila mtu alichora mwavuli kwenye andalio lake la somo na mambo yakaishia hapo. Tufanyeje?
*Mwalimu wa Hisabati, Kakamega*

Mwavuli ni pambo. Mada hushikamana pale somo moja linapohitaji kitu kilichotoka somo lingine, na kwenu kitu hicho kiwe chati moja ya mvua iliyobandikwa ukutani. Sayansi na Teknolojia watengeneze kipimamvua na kukisoma. Wewe wa Hisabati uchukue tarakimu zao. Wa Kilimo aamue siku ya kupanda kwa kutazama chati hiyo hiyo, na wa Kiswahili aipe kazi methali.

Ndiyo, methali. "Dalili ya mvua ni mawingu" inaweza kupimwa. Kila siku saa nane mchana watoto waandike kama kuna mawingu mazito au hakuna, kisha asubuhi inayofuata waangalie kama kipimamvua kilipata kitu. Chora jedwali la vyumba vinne: mawingu na mvua, mawingu bila mvua, bila mawingu lakini mvua, bila vyote viwili. Msichukue mawingu ya asubuhi. Upande wetu wa ziwa mvua nyingi hujijenga alasiri, na asubuhi inaweza kuwa nyeupe kabisa. Baada ya wiki tatu wana hoja za kuandikia insha: je, wahenga walisema kweli mara ngapi? Insha ya namna hiyo haianzi na "Ilikuwa siku ya Jumapili yenye jua kali."

Kwako wewe, sheria ni rahisi kukumbuka: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la darasa la mita 8 kwa 6 ni mita mraba 48. Ikinyesha milimita 12, paa limepokea lita 576, karibu mitungi 29 ya lita 20. Mkikadiria kwamba sehemu moja kati ya tano humwagika au hubaki kwenye mabati, tangi litapata kama lita 460. Watoto watataka kupima mabati yenyewe kwa mteremko wake. Wazuie. Eneo linalohesabika ni lile ambalo paa hufunika chini, kwa hiyo wapime ardhini, ukingo hadi ukingo.

Kuhusu ratiba: msihamishe mada za azimio la kazi ili zote ziangukie wiki moja. Chati yenye siku tatu haina grafu. Acha tarakimu zikusanyike angalau siku 10 za shule kabla ya kuzigusa. Na somo ambalo halina haja na chati lisilazimishwe. Nuhu huitwa darasani kila masika, maskini, hata wiki ambayo mada ya dini ni sala.

Tulitengeneza vipimamvua viwili kwa chupa. Mvua moja, uwanja mmoja: kundi la kwanza lilipata milimita 9, la pili milimita 20. La pili liliweka juu ya chupa faneli ya jikoni yenye mdomo wa sentimita 15. Nani yuko sahihi?
*Mwalimu wa Gredi 6, Kisumu*

La kwanza. Chupa ya kundi la pili bila shaka ina upana wa kama sentimita 10. Faneli yao inakusanya maji ya duara la sentimita 15 na kuyabana ndani ya duara la sentimita 10, kwa hiyo kimo cha maji huongezeka mara 2.25. Zidisha 9 kwa 2.25 upate 20 na ushee. Usiitupe hitilafu hiyo, Mwalimu. Ni somo zima la eneo la duara, na wamelileta wenyewe.

Kipimamvua kinachoaminika hutengenezwa hivi. Tafuta chupa ya lita 2 yenye mbavu zilizonyooka. Ile iliyobanwa kiunoni haifai kabisa. Ikate pale bega linapoishia na mwili kuanza kunyooka. Ondoa kifuniko, geuza kipande cha juu, kitumbukize kichwa chini hadi kingo mbili zilingane, kisha zungushia selotepu. Kwa kuwa kipande kimetoka kwenye chupa ile ile, mdomo na mwili vina upana mmoja, nanyi mtasoma milimita moja kwa moja kwa rula.

Kitako cha chupa kina mabonde, na hapo ndipo wengi huharibu. Mimina kokoto kiganja kimoja, kisha maji hadi yapite mabonde yote, uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Huo ndio sifuri. Kila asubuhi, baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye mstari huo. Yakizidi mwaga, yakipungua kwa jua ongeza. Asiyeongeza atasoma mvua pungufu kesho yake.

Simamisha chupa ndani ya debe la mchanga, mdomo ukiwa juu ya debe kwa sentimita 10 au zaidi ili matone yanayoruka yasiingie. Iwe mbali na mti au ukuta kwa angalau mara mbili ya urefu wake: mti wa mita 5, kaa mita 10. Soma saa tatu asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji. Mtoto anayesoma akiwa amesimama huongeza au hupunguza milimita kadhaa. Kipimo cha Jumatatu ni cha siku tatu pamoja, basi kiandikwe hivyo. Msikigawanye kwa tatu, kwa sababu huenda yote ilinyesha Jumamosi usiku.

Ukikuta milimita 40 siku ambayo hata vumbi halikulala, uliza kwanza nani alikuwa na chupa ya maji wakati wa mapumziko.

Mwanangu wa Gredi 2 aliambiwa alete mahindi ya kuotesha darasani. Nilimpa yaliyobaki ya kupanda, yale ya rangi ya waridi. Nilikosea?
*Mzazi, Bungoma*

Ndiyo, Mama, na yarudishwe leo. Rangi ile ni onyo kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuzuia ukungu au wadudu. Mikono ya miaka saba huenda kinywani bila kuulizwa. Mpe maharagwe na mahindi makavu ya kula kutoka jikoni, punje 10 za kila aina, ili mwalimu apate hesabu rahisi: zikiota 8, ni 8 kati ya 10.

Ziloweshwe usiku mmoja, kisha zibanwe kati ya ukuta wa chupa inayopitisha mwanga na pamba, zionekane kwa nje. Pamba iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Zikioza na kunuka, maji yalikuwa mengi, mbegu ikakosa hewa. Mtoto atazame tofauti: harage hunyanyua mapande yake mawili juu ya udongo, hindi huacha punje yake chini na kutuma ncha moja ya jani. Kisumu kwenye joto mizizi huonekana mapema kuliko Nakuru. Darasa lisiogope likichelewa siku mbili tatu.

Nataka kutumia kumbikumbi, maana baada ya mvua wamejaa kila mahali. Wanafaa masomo gani? Na viluwiluwi je?
*Mwalimu wa Gredi 3, Maseno*

Kumbikumbi wanafaa karibu kila somo. Mdudu mmoja ana miguu 6 na mabawa 4, basi wadudu 7 wana miguu mingapi na mabawa mangapi? (42 na 28.) Mwili una kichwa, kifua na tumbo. Kwenye lugha ya asili watoto walete jina la nyumbani. Wajaluo watasema *ng'wen*, na majirani zao Waluhya watakuja na majina zaidi ya moja, yote yaandikwe. Kwenye lishe waulizwe nyumbani huliwaje. Kosa la kuepuka liko kwenye mzunguko wa maisha: usiwachore na buu na pupa kama kipepeo. Mchwa hutoka kwenye yai akiwa mdogo mwenye umbo la mchwa na hukua kwa kujivua ngozi.

Viluwiluwi waendee kwa tahadhari. Wengine huita hivyo watoto wa chura, wengine mabuu ya mbu, kwa hiyo amueni kwanza mnasema nini ("ndubwi" ni wa chura pekee). Ngeli ni A-WA: kiluwiluwi anaogelea, viluwiluwi wanaogelea. Watoto wasiingie kwenye mtaro au kando ya ziwa kuwatafuta, kwa sababu kuna kichocho. Wewe chota kwa kopo lenye mpini, uweke kwenye beseni, urudishe baada ya siku chache. Wakiwa ni wa mbu, mwaga maji juu ya udongo mkavu siku hiyo hiyo na uhamie somo la neti.

Ngurumo ikianza, wote ndani. Wakiwa ndani wahesabu sekunde kati ya umeme na mlio: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1.

Darasani nina watoto ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji. Bado nifundishe masika kwa furaha?
*Mwalimu, upande wa Kano*

Fundisha masika, furaha usiilazimishe. Ondoa insha ya "Siku niliyoifurahia mvua" na usimtake mtoto achore nyumba yao. Toa kazi mbili na kila mtoto achague: kuandika hatua za kupanda, au kuandika familia ibebe nini maji yakipanda usiku na ielekee wapi. Hiyo ya pili mara nyingi huandikwa vizuri kuliko zote. Usiisome kwa sauti bila ruhusa ya mwenyewe.

Tena, upande wenu usitegemee Mei. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili hadi 13 Mei nchi nzima. Anza chati mapema Machi, na shule ikifungwa Aprili kipimamvua kiende kwa mtoto anayeishi mahali pa juu, pamoja na daftari na kalamu ya risasi. Wino hukimbia ukilowa.