Jibu: Mwenyeji wa fainali ya Grey Cup si lazima acheze

Mkuu, umeuliza kama timu ya mji unaoandaa Grey Cup, yaani fainali ya ligi ya futiboli ya Kanada (mchezo unaofanana na futiboli ya Kimarekani, si soka), huingia fainali moja kwa moja. Hapana. Mji huteuliwa mapema kabisa, kisha bingwa wa kanda ya Mashariki na wa kanda ya Magharibi ya ligi ndio wanakutana hapo. 2024 ilichezwa BC Place, Vancouver, lakini waliocheza ni Toronto na Winnipeg, 41-24. Mwaka uliofuata Winnipeg wakaandaa wao, wakaishia kuwatazama Saskatchewan wakibeba kombe uwanjani kwao. Inauma!

Kuhusu televisheni za Kanada zinazoonyesha fainali: kituo cha TSN kwa Kiingereza, RDS kwa Kifaransa. Zamani CBC, shirika la utangazaji la umma, nao walikuwemo, hadi 2007.

Ila kuonyesha mechi ya Novemba kule Kanada si lelemama. Kisa cha 1962 Toronto sikichoki: ukungu wa ziwani uliufunika uwanja, mpira ukipigwa juu unapotelea humohumo, kamera hazioni kitu. Zikiwa zimebaki dakika 9 na sekunde 29 ikabidi wasimamishe, wakamalizia kesho yake. Winnipeg 28, Hamilton 27, matokeo yaleyale ya jana. Kwa kuandaa fainali, mimi kura yangu Vancouver, angalau uwanja una paa.