Ugumu: upandishe namba au idadi ya mafanikio?

Ndugu, umeuliza ipi bora kwenye mchezo wa kuigiza wahusika unaorushwa dadu nyingi kwa mkupuo: kupandisha namba ambayo kila dadu lazima iifikie, au kuiacha palepale na kudai mafanikio mengi zaidi. Mimi nipo upande wa pili, ila una mtego wake.

Chukua dadu 6 za pande sita, kila 5 au 6 ikihesabika kama fanikio 1. Kupata angalau fanikio 1 ni kama asilimia 91. Ukidai 2 inashuka hadi 65, ukidai 3 inabaki 32. Kila hatua inauma kweli. Ukisema 6 pekee ndiyo inayohesabika, fanikio 1 linakuwa asilimia 67.

Sasa mtego: mhusika mwenye dadu 2. Ukimdai mafanikio 3 umemfungia mlango kabisa. Ukimpandishia namba hadi 6, bado ana kama 31 kwa mia ya kupata fanikio 1, na mrusho huo ndio unaofanya watu wasimame mezani.

Lakini kuchezea namba nako kuna vituko. Kwenye toleo la mwanzo la Shadowrun (1989), mchezo mmojawapo wa aina hii, ukipata 6 uliirusha tena na kujumlisha, kwa hiyo kufikia 6 na kufikia 7 ugumu ulikuwa uleule! Toleo la nne, 2005, likaacha kuichezea namba: kila mara ni 5 kwenda juu.

Na njia ya tatu, kumpunguzia mchezaji dadu? Hesabu nyepesi, sema wachezaji hununa wakinyang'anywa walichokwishashika. Mimi huongeza mafanikio, na mwenye dadu chache namruhusu asaidiwe na mwenzake.