Umevuka Hamsini? Usikimbilie Daraja la Umri Wako Kwenye Gofu ya Diski

Hapa Minnesota gofu ya diski, mchezo wa kurusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo kwa mitupo michache iwezekanavyo, huchezwa kwenye bustani za umma, na viwanja vingi ni vya bure. Wakenya wenzangu wanaoniona Jumamosi na begi la diski begani huniuliza kama mtu wa umri wetu anaweza kushindana. Nilianza nikiwa nimeshavuka hamsini, na jibu langu ni ndiyo, mradi uchague daraja vizuri.

Chama cha mchezo huu, PDGA, kina madaraja ya umri: waliofikisha 40, 50, 55, 60 na kuendelea. Mwenye miaka 52 akijaza fomu, mkono unakwenda wenyewe kwenye lile la 50. Mimi namshauri asubiri. Daraja hilo linatazama umri tu, halitazami uwezo. Kiwanja cha kwanza rasmi kilijengwa California mwaka 1975, kwa hiyo kuna Wamarekani wa rika letu waliorusha diski tangu utotoni, na humo ndimo wanamocheza. Jiandikishe daraja la wanaoanza, MA4, au FA4 kwa wanawake. MA4 ni ya wachezaji wenye kiwango (namba ya uwezo ambayo PDGA humpa mchezaji) cha chini ya 850, na mgeni asiye na kiwango anaruhusiwa. Utapangwa na vijana wa miaka ishirini. Watakuacha mbali kwa nguvu, lakini mitupo yao mingi huishia vichakani, na kila diski inayotoka nje ya mipaka huongezewa mtupo mmoja wa adhabu. Ukiweza kurusha mita hamsini zilizonyooka, halafu hamsini nyingine zilizonyooka, hesabu ya mwisho itakushangaza.

Kwa hiyo usihangaike na diski za kasi. Kwenye diski nyingi utaona namba nne, na ya kwanza ndiyo kasi. Zile za 12 na 13 zinataka mkono wenye kasi sana. Ukizilazimisha, bega litakudai usiku. Mimi nashindana na diski za kasi ya 7 kushuka chini, tena nyepesi kidogo, na sioni sababu ya kubadili.

Mazoezi yako yaweke karibu na kikapu. Simama mita tano, chagua mnyororo mmoja wa katikati, uukazie macho mpaka diski itoke mkononi. Ikishatoka, baki umesimama. Hili la kubaki umesimama si mapambo: ndani ya mita 10 kutoka kwenye kikapu sheria inakutaka uonyeshe kwamba umetulia kabla ya kuvuka alama ya mahali diski yako ilipotua, na magoti ya umri wetu hupenda kuuvuta mwili mbele. Lizoee nyumbani ili siku ya mashindano usilifikirie.

Sheria zisome mapema, maana wachezaji wa kundi lako ndio waamuzi. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayerusha kwanza. Una sekunde 30 za kurusha ukishafika kwenye diski yako na njia ikiwa wazi. Ukizidisha unaonywa, ukirudia unaadhibiwa. Diski iliyopotea hutafutwa dakika tatu. Saidia kutafuta za wenzako, hata za yule anayekushinda. Urafiki wangu mwingi uwanjani ulianzia kwenye majani marefu.

Fika mapema. Mara nyingi makundi huanza kwa pamoja, kila moja kwenye shimo lake, yaani kipande cha kiwanja chenye kikapu chake, na ukikosa shimo unaandikiwa idadi yake ya kawaida pamoja na minne zaidi. Shimo la mitupo mitatu linakuwa saba hata hujagusa diski.

Mashindano ya siku moja aghalabu huwa na raundi mbili za mashimo 18, na ni ile ya pili inayowachosha watu wa rika letu. Kula kidogo kidogo njiani, ndizi au karanga, na maji usiyasubiri mpaka kiu. Saa ya chakula vijana hukaa chini kabisa. Wewe kaa kidogo tu, kisha tembeatembea, maana mgongo ukishapoa kuuamsha ni kazi. Dakika kumi kabla ya kuanza tena, rudi kwenye kikapu cha mazoezi urushe za karibu tu. Za mbali ziache mpaka bega lipate joto lenyewe ndani ya mchezo.