Jibu: Je, mama anaweza kukataa wanafunzi wa udaktari?

Dada, pole kwa kuuguliwa, Mola amponye mama. Umeuliza kama mama yako, aliyelazwa hospitali huko Malindi, anaweza kukataa kupimwa na wanafunzi wa udaktari, na kama ile fomu ya Kiingereza ya kukubali kupasuliwa aliyotia kidole inamfunga.

Kukataa anaweza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya Kenya, 2017, kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Dharura ya kuokoa maisha ina taratibu zake. Lakini kukubali kupasuliwa kwenye fomu hakumaanishi amekubali mwili wake utumiwe kufundishia wanafunzi. Madaktari lazima wajifunze, hilo sikatai. Ila mama wa watu kufunuliwa shuka mbele ya vijana sita bila hata salamu, linaniuma sana.

Wanafunzi wakija raundi, yaani kupita kitanda hadi kitanda kukagua wagonjwa, aulize: “Wewe ni nani mwanangu, na hiki unachotaka kunipima ni cha matibabu yangu au cha masomo yako?” Akitaka apimwe na wanawake pekee, au pazia livutwe, aseme. Akikubali leo, kesho bado anaweza kukataa. Mwombe sista wa wodi aliandike hilo kwenye faili yake.